Bandari Hujengwa Bara: Lamu, Kotile na Funzo la Miji ya Barafu

Upo mji wa bandari ambao hadi leo unaishi zaidi kwenye michoro kuliko ardhini. Ni ule mji mkubwa unaokusudiwa kukua kando ya Bandari ya Lamu, katika Ghuba ya Manda, wenye gati 32 katika mpango wa awali, reli, bomba la mafuta, viwanda na hoteli za kitalii. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikutana Lamu kuzindua mradi huo, ambao Wakenya wameuzoea kwa jina la LAPSSET. Miaka tisa baadaye, tarehe 20 Mei 2021, Rais Uhuru Kenyatta akafungua gati ya kwanza. Gati tatu zimejengwa. Nyingine, pamoja na mji wenyewe, zingali makusudio. Nyuma ya gati hizo, ukiiacha pwani na kupanda kaskazini, inaanza nchi ya Ijara katika kaunti ya Garissa, na huko, kando ya Mto Tana, iko Kotile. Swali la makala hii ni hili: bandari hiyo ina maana gani kwa Kotile, na Kotile ina maana gani kwa bandari? Nashikilia kwamba bandari iliyo katika nchi ngumu haipati uhai kwa kina cha maji yake peke yake. Inaupata kwa bara lililo nyuma yake: njia inayopitika, bidhaa ya kupakia, na watu wenye sababu ya kuitetea. Bara likisahauliwa, gati hubaki kuwa zege.

Ugumu wa nchi hiyo haubishaniwi. Kaskazini Mashariki mwa Kenya huishi kwa misimu miwili ya mvua, ile ambayo Wasomali huiita gu, katika nusu ya kwanza ya mwaka, na deyr, kuelekea mwisho wa mwaka. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikatika misimu mitano mfululizo, na katika maeneo kame ya Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Familia iliyokuwa na kundi la ng'ombe ilibaki na ngozi na madeni. Kisha, mwisho wa 2023, mvua za El Niño zikaja kwa pupa, Tana ukafurika, na barabara inayoingia mji wa Garissa kutoka upande wa Madogo ikazama. Watu na mizigo wakavushwa kwa boti mahali ambapo siku chache nyuma malori yalikuwa yakipita. Mafuriko yakarudi tena Aprili na Mei 2024. Hii ndiyo tabia ya nchi hiyo: mwaka huu hakuna tone, mwaka ujao maji yanakata njia. Kwa hiyo wapo wanaosema, tena kwa nia njema, kwamba nchi ya namna hii haiwezi kulea bandari, na kwamba fedha zilizozama Lamu zingefaa zaidi kupanua Mombasa.

Hoja hiyo ni nzito, lakini dunia ina ushahidi unaoipinga, na ushahidi wenyewe unatoka mahali ambapo hali ya hewa ni kali kuliko Ijara, ila kwa upande wa baridi. Mji wa Murmansk uko kaskazini kabisa mwa Urusi, ndani ya Mzingo wa Aktiki, ambako wakati wa majira ya baridi jua halichomozi kwa wiki kadhaa. Ulianzishwa 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa sababu Urusi ilihitaji bandari ambayo maadui wasingeweza kuifunga. Maji yake hayagandi, kwani mkondo wa bahari wenye joto kutoka Atlantiki hufika hadi huko. Lakini mkondo huo ulikuwapo karne nyingi kabla ya mji. Kilichouzaa mji ni reli iliyojengwa kwa haraka kutoka kusini ili kuifungua pwani hiyo. Kufikia 1989 Murmansk ulikuwa na wakazi zaidi ya 460,000, mji mkubwa kuliko yote duniani ndani ya Mzingo wa Aktiki. Baada ya Muungano wa Kisovieti kusambaratika, marupurupu na ajira za serikali zilizokuwa zikiwavuta watu huko zikapungua, na wakazi wakaanza kuondoka. Leo idadi yao imeshuka chini ya 300,000. Bahari haikubadilika wala baridi haikuzidi. Kilichobadilika ni mahusiano ya mji na nchi iliyo nyuma yake.

Mfano wa pili unafanana na wetu zaidi. Churchill ni mji mdogo wa bandari katika mkoa wa Manitoba nchini Kanada, kwenye Ghuba ya Hudson. Reli ilifika huko 1929, na 1931 meli za kwanza zikabeba ngano ya wakulima wa kusini kwenda Ulaya. Barafu huifunga ghuba sehemu kubwa ya mwaka, hivyo meli hupata miezi michache tu ya kuingia na kutoka. Hata hivyo bandari hiyo ilidumu miongo mingi. Mwaka 1997 serikali iliiuza pamoja na reli kwa kampuni moja ya Marekani. Mwaka 2012 bodi ya ngano ya Kanada, iliyokuwa ikipeleka shehena huko kwa utaratibu maalum, ilipoteza mamlaka yake ya pekee, na wafanyabiashara wakageukia bandari nyingine. Mwaka 2016 usafirishaji wa nafaka ukasimamishwa. Mei 2017 mafuriko yakaibomoa reli sehemu nyingi, na kwa kuwa mji hauna barabara ya kuuunganisha na miji mingine, chakula na mafuta vikapanda bei kwa zaidi ya mwaka. Mmiliki hakuwa tayari kubeba gharama za matengenezo. Suluhisho likapatikana 2018, pale mataifa ya wenyeji asilia na jamii za kaskazini walipoungana na wawekezaji wengine kuinunua reli na bandari. Katika miezi michache treni ikarudi, na mwaka uliofuata meli za nafaka zikaonekana tena. Baadaye umiliki wote ukabaki mikononi mwa jamii hizo.

Tukiiweka mifano hiyo miwili pamoja, tunaona kwamba barafu haikuwa adui mkuu. Murmansk ilidhoofika kwa sababu iliegemea mkono mmoja wa serikali ya mbali. Churchill ilikaribia kufa kwa sababu aliyeishika hakuwa na jamaa wala shamba kwenye njia ile; ikafufuka ilipoangukia mikononi mwa watu ambao, reli ikikatika, ni wao wanaokosa unga. Na tusidhani funzo hili ni la wenye baridi peke yao. Berbera, kwenye Ghuba ya Aden, iko katika nchi yenye joto kali na mvua haba kuliko Ijara. Haina ngano wala migodi mikubwa nyuma yake. Imeishi kwa vizazi kwa kupakia kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia kwenda Uarabuni, hasa kuelekea msimu wa hija. Wafugaji wa bara ndio walioijenga Berbera, na mwaka 2016 kampuni ya DP World ya Dubai iliingia mkataba wa miaka 30 wa kuiendesha. Nchi ngumu inaweza kulea bandari, ili mradi bandari ijue inalelewa na nani.

Sasa tuirudie Kotile. Mfugaji wa huko hahitaji kufundishwa biashara. Maeneo kame na nusu kame yanachukua zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya, na ndiyo yenye takriban asilimia 70 ya mifugo ya nchi. Soko la mifugo la mji wa Garissa ni miongoni mwa makubwa kabisa Afrika Mashariki, na ng'ombe wanaouzwa hapo hutoka Ijara, Fafi na hata ng'ambo ya mpaka wa Somalia, kisha hupakiwa malori kuelekea Nairobi na Mombasa. Wapo wanaodai kwamba mfugaji huhesabu mifugo kwa heshima na hataki kuuza. Dai hilo haliwezi kusimama mbele ya soko hilo. Mfugaji huuza kila anapohitaji karo, dawa, mchele na sukari. Anachokosa ni mnunuzi wa pili. Akiwa na njia moja tu ya kwenda sokoni, na kiangazi kimeanza kuuma, bei hupangwa na dalali na mwenye lori, kwani ng'ombe anayekonda hana muda wa kusubiri. Bandari iliyo karibu kuliko Nairobi ingeweza kumpa mnunuzi huyo wa pili: meli inayokwenda Oman, Saudia au Imarati.

Lakini mnyama hapandi melini kwa miguu yake tu. Hupanda kwa cheti. Hapa ndipo bara linapoonekana wazi kuwa sehemu ya bandari. Mwisho wa 1997 na mwanzo wa 1998, baada ya mvua kubwa za El Niño, homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa na kusini mwa Somalia, ikaua mamia ya watu na mifugo isiyohesabika. Saudia ikafunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika 1998, ikaufunga tena 2000, na marufuku hayo ya pili yakadumu hadi 2009. Katikati ya marufuku hayo, mwisho wa 2006 hadi 2007, ugonjwa huo ulirudi, Garissa ikiwa miongoni mwa maeneo ya kwanza kuguswa na Ijara ikiumia vibaya. Watu zaidi ya 150 wakafa nchini Kenya. Virusi hivyo huenezwa na mbu wanaozaliana kwa wingi maji yanapotuama, na mayai ya mbu hao huweza kukaa kwenye udongo mkavu miaka mingi yakisubiri mafuriko. Maana yake ni kwamba mlipuko unaweza kutabirika kwa kufuatilia mvua, na chanjo ya mifugo ipo. Daktari wa mifugo aliyeko Ijara, mwenye pikipiki, friji ya chanjo na simu ya kutoa taarifa, ana thamani kwa bandari ya Lamu sawa na winchi ya kupakulia makontena. Kituo cha karantini kilicho karibu na malisho, chenye maji na majani ya kutosha, ni gati ya aina yake. Mipango mikubwa hutaja zege na chuma kwanza, na mambo haya huyaacha yafuate baadaye. Huo ni mpangilio uliopinduliwa.

Wapo watakaosema kwamba Lamu haikujengwa kwa ajili ya mbuzi. Ilijengwa kwa ajili ya mafuta ya Sudan Kusini na shehena za Ethiopia, nchi yenye watu zaidi ya milioni 100 wasio na pwani, na shehena hizo zikifika, mfugaji wa Kotile atanufaika kwa kupitiwa tu. Tuipime hoja hii kwa yaliyotokea. Mwaka 2016 Uganda, ambayo Kenya ilitumaini ingepitisha mafuta yake kaskazini mwa nchi hadi Lamu, ilichagua njia ya Tanzania, kwa bomba la kilomita 1,443 hadi Tanga. Ethiopia inaendelea kupitisha sehemu kubwa ya biashara yake Djibouti, ambako ina reli ya umeme kutoka Addis Ababa. Bomba la Sudan Kusini hadi Lamu halijajengwa. Silaumu nchi yoyote; kila moja inatafuta njia iliyo salama na nafuu kwake. Nasema tu kwamba mteja wa mbali ana milango mingi, na bandari inayomsubiri yeye peke yake inaweza kusubiri sana. Mteja wa karibu ndiye asiyehama. Na hata shehena za Ethiopia zikija, zitapita nchi ya wafugaji, na barabara ile ile itakayobeba ng'ombe ndiyo itakayobeba mbolea na magari.

Wengine wataonyesha kwamba Lamu tayari imepata kazi. Ni kweli: tangu meli nyingi zilipoanza kuikwepa Bahari Nyekundu mwisho wa 2023, makontena yanayopakuliwa hapo na kupakiwa kwenye meli nyingine yameongezeka, na bandari ina njia ya maji yenye kina cha mita 17.5 inayoweza kupokea meli kubwa sana. Ni habari njema na haifai kubezwa. Ila tukumbuke kwamba kontena la namna hiyo hushuka melini, hukaa uwanjani, kisha hurudi melini. Haligusi barabara ya Ijara, halinunui chochote Garissa, na vita vya Bahari Nyekundu vikitulia, wenye meli wanaweza kurudi njia yao ya zamani. Kazi ya kupokezana makontena inaweza kulipa mishahara ya bandarini, lakini haiwezi kuzaa mji ulio katika michoro, kwa sababu mji huzaliwa pale bidhaa zinapobadilisha mikono na watu wanapopata sababu ya kukaa.

Pingamizi la usalama ndilo zito kuliko yote. Barabara ya kutoka Lamu kupitia Ijara hadi Garissa inapita karibu na msitu wa Boni, na mashambulizi ya kundi la al-Shabaab yamewahi kusimamisha kazi na kuwaua wajenzi. Hakuna anayeweza kusema kwamba jambo hili litatatuliwa kwa mbuzi na chanjo. Hata hivyo historia ya kanda hii inatufundisha kwamba ulinzi wa askari peke yake haujawahi kutosha. Tangu vita vya shifta vya miaka ya 1960, Kaskazini Mashariki iliishi chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991, na kipindi hicho chote hakikuiletea barabara wala amani ya kudumu. Sera ya serikali ya 1965, ile Hati ya Kikao namba 10, iliamua kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua. Kwa hesabu za wakati ule huenda ilionekana busara, lakini iliiacha sehemu kubwa ya nchi nje ya hesabu. Kijana anayeona barabara inapita kijijini kwao bila kituo, bila ajira na bila soko hana sababu ya kuilinda. Mwenye shehena juu ya barabara hiyo anayo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye umiliki. Katiba ya 2010 inatambua ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kusajili ardhi yao kwa jina lao. Ardhi isiyosajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kama amana, na fidia ikilipwa hushikiliwa hivyo hivyo. Kwa jamii iliyo kwenye njia ya mradi mkubwa, tofauti kati ya kusajili na kutosajili ni tofauti kati ya kukaa mezani na kusubiri mlangoni. Lamu yenyewe imetoa onyo: mwaka 2018 Mahakama Kuu huko Malindi iliona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ikaagiza wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kesi ya namna hiyo huja baada ya madhara. Kusajili ardhi, kukubaliana juu ya njia za mifugo zitakazovuka barabara, na kuipa jamii hisa katika machinjio, karantini na vituo vya malori ni kazi ya kabla ya madhara. Wapo watakaohofia kwamba kuzipa jamii hisa kutazaa ukabila, kwa kuwa bandari ni mali ya taifa zima. Lakini Churchill haikukoma kuwa bandari ya Kanada iliposhikwa na wenyeji. Iliacha tu kuwa bandari isiyo na mwenyewe.

Je, watu wa Kotile wanaweza kusimamia jambo kubwa? Wamekwisha kuonyesha. Jamii za Hara, Korisa na Kotile ndizo zilizoanzisha hifadhi ya Ishaqbini, kwa ajili ya hirola, swala adimu ambaye makazi yake ya asili ni ukanda huu wa mpaka wa Kenya na Somalia, na ambao leo wamebaki takriban 500 au pungufu. Mwaka 2012 walitenga sehemu ya malisho yao wenyewe, ikazungushiwa uzio wa kuwazuia simba na wanyama wengine wawindaji, ili hirola wazaliane kwa usalama. Wafugaji walioweza kuacha majani kwa ajili ya mnyama asiye wao, katika nchi ya ukame, wanaijua maana ya dhamana. Mfano huo pia unajibu hofu ya wapenda mazingira kwamba barabara na mji vitaiangamiza nchi hiyo. Hofu hiyo ina msingi, na kama barabara itachorwa Nairobi bila kuwauliza wanaojua hirola hulisha wapi na maji ya Tana hutanuka hadi wapi, madhara yatakuwa makubwa. Wenye ujuzi huo wapo Kotile. Gharama ya kuwasikiliza ni ndogo kuliko gharama ya kujenga daraja ambalo mafuriko yatalipita pembeni.

Kwa hiyo mizani ya mafanikio ya Lamu isiwe idadi ya gati. Serikali ya taifa na ile ya kaunti ya Garissa zijiulize mambo manne kabla ya kumwaga zege la gati ya nne: je, barabara ya Ijara inapitika wakati wa gu na deyr, je, mifugo ya Ijara ina chanjo na cheti kinachokubalika Uarabuni, je, ardhi iliyo kwenye njia ya mradi imesajiliwa kwa jina la wenyewe, je, wafugaji wana hisa katika vituo vitakavyojengwa? Yote manne yanawezekana kwa fedha ndogo kuliko ile iliyokwisha kutumika majini, na hakuna hata moja linalomsubiri mteja kutoka nchi nyingine. Murmansk na Churchill zimeonyesha kwamba binadamu anaweza kuweka bandari hata katika nchi ya baridi kali, na zimeonyesha pia jinsi inavyonyauka inapotengwa na watu wake. Sisi hatuna barafu. Tuna ukame, mafuriko na miaka mingi ya kusahauliana, na kati ya hayo matatu, la mwisho ndilo lililo ndani ya uwezo wetu kulimaliza.